Wenye Majina na Wasiotajwa

Katika kanisa la Abasia ya Westminster mjini London, ambamo Waingereza waliwazika wengi wa wafalme wao na watu wao wenye sifa kubwa, limelazwa sakafuni jiwe la kaburi la Daktari David Livingstone, na maandishi yake yanaanza kwa kueleza kwamba marehemu aliletwa hapo na mikono ya uaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Kisha hufuata jina lake, kazi alizozifanya, siku aliyozaliwa na siku aliyofariki, na kijiji alichofia. Ile mikono ilikuwa ya nani, jiwe halisemi. Nami kila nisomapo habari za jiwe lile huona kwamba ndani ya maneno yake machache imo ikhtilafu kongwe ambayo wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi pasipo kuafikiana: je, mambo makubwa ya dunia hufanywa na watu mashuhuri ambao majina yao huchongwa katika mawe, au hufanywa na halaiki ya watu ambao mikono yao ndiyo iliyoyabeba mawe yenyewe?

Mwaka wa 1840 mwandishi wa Kiskoti, Thomas Carlyle, alitoa mihadhara mjini London akashikilia kwamba historia ya ulimwengu, ukiichambua mpaka kiini chake, ni sira za watu wakubwa, na kwamba wengine wote huishi katika nuru ya hao. Miaka ipatayo thelathini baadaye Leo Tolstoy wa Urusi, katika riwaya yake ndefu ya Vita na Amani, aliipinga rai hiyo kwa nguvu zake zote; kwake yeye Napoleon, aliyeingia Urusi mwaka 1812 na jeshi kubwa, alidhani anayaendesha mambo ilhali mambo ndiyo yaliyokuwa yakimwendesha, na vita vile viliamuliwa na maelfu ya askari na wakulima na wachuuzi ambao kila mmoja alifuata haja yake. Na zamani kabla ya wote wawili, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alikwisha andika katika Mukadima yake ya mwaka 1377 kwamba dola husimama kwa asabiya, yaani ule mshikamano unaowafanya watu wa nasaba moja wawe tayari kufa pamoja, na kwamba anasa za mjini zikiulegeza mshikamano huo, hapana mfalme awezaye kuizuia dola isianguke, angawa hodari namna gani.

Katika watatu hao mimi humwona Ibn Khaldun kuwa karibu zaidi na haki. Walakini hata yeye, pamoja na wingi wa elimu yake, amewatazama watu wa kawaida kwa mbali, kama mtu atazamaye jeshi kutoka juu ya kilima. Hapana hata mmoja katika hao watatu aliyekaa nao kitako akawasikiliza wakishauriana. Na hoja yangu ndiyo hiyo, kwamba mtu asiye na jina ana akili yake na khofu yake na heshima yake, hupima mambo, huamua, na uamuzi wake aghalabu ndio uliouelekeza mkondo wa mambo ambao baadaye huandikwa kwa jina la mwingine. Ushahidi wangu wa kwanza ni ile mikono iliyotajwa na jiwe.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, kusini ya ziwa Bangweulu, ndani ya nchi iitwayo leo Zambia. Vijana wake walimkuta kabla hakujapambazuka, amepiga magoti kando ya kitanda chake, ameinamisha kichwa juu ya mto, na mwili umekwisha poa. Hebu msomaji auwaze msiba huo kwa nadhari ya watu waliokuwa katika msafara ule. Tajiri aliyewaajiri amekufa, na kwa kufa kwake mkataba umekwisha. Pwani iko mbali, mwendo wa miezi mingi. Nchi za katikati zina watu wanaochelea sana maiti ya mgeni kupitishwa katika ardhi yao, na wenye nchi hawatakosa kudai hongo au fidia. Desturi ya safari ilikuwa kwamba mtu akifa njiani huzikwa papo hapo, dua ikasomwa, mizigo ikainuliwa. Hapakuwa na Mzungu hata mmoja karibu wa kuwaamrisha kitu. Kama wangalimzika chini ya mti wakashika njia ya kwao, nani angaliwalaumu?

Walikaa shauri. Wakongwe wa njia katika kundi lile walikuwa wawili: Abdullah Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, na James Chuma, Myao, ambaye mwaka 1861 alinasuliwa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa akiwa bado mtoto. Wenzao waliwaambia kwamba wao ndio wenye kuyajua mashaka ya safari, basi wawe wakubwa wao, na lolote watakalosema litafuatwa. Shauri likawa moja: mwili wa marehemu, na vitabu vyake, na vyombo vyake vyote, vitafika pwani. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, akafanya hesabu ya kila kitu kilichokuwamo masandukuni, akakiandika mbele ya wote.

Kisha ikafuata kazi iliyohitaji ustadi, na ustadi ule ulikuwamo humo humo kundini. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Unguja na kwa hivyo alijua mwili wa maiti hupasuliwa namna gani, aliutoa moyo na matumbo, yakazikwa chini ya mti wa mpundu, na Wainwright akasoma sala za maziko kutoka katika kitabu, kisha akalichonga jina la marehemu na tarehe katika gome la mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani muda wa wiki mbili ndani ya ua wa miti uliojengwa kwa kazi hiyo, ukageuzwa kila siku, ukaviringishwa kwa nguo, ukatiwa ndani ya mwanzi wa gome la mti, ukashonewa turubai, ukafungwa katika mti ili uchukuliwe na watu wawili mabegani. Chitambo, mwenye nchi, hapo kwanza aliwanasihi wamzike papo hapo, kwani njia ni mbaya. Lakini alipoona azma yao haivunjiki, alikuja yeye na watu wake wakalia msiba pamoja nao kwa ada ya nchi, na wakati wa kuagana akapokea dhima ya kulifyeka jani pale kaburini, moto wa nyika usije ukauunguza ule mti. Mti ulibaki umesimama hata mwaka 1899, ulipokatwa na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Chitambo naye, kwa hiyo, ameitunza historia kwa jembe lake, na wachache wanaolikumbuka jina lake hulikumbuka kwa kuwa ni jina la mahali.

Safari ile ilichukua takriban miezi tisa na kupita kilomita 1,600. Hapo mwanzo maradhi yaliwaangusha wengi hata wakalazimika kutua kwa muda mrefu. Baadhi yao walikufa, wakazikwa njiani. Na katika kijiji kimoja yalizuka mapigano ambayo hayawezi kusifiwa, maana wenyeji walitolewa katika nyumba zao. Mnamo Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kwenda kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike pale pale. Alikuwa mtu mwenye cheo, mwenye bunduki na fedha, na mbele ya dunia ile alikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya serikali yake. Nao walikuwa wapagazi. Walikataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, watu walipokataa maiti isipite, waliandaa hila: walifunga mabua ya mtama ndani ya nguo yakawa na sura ya maiti, wakatuma watu wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika huko, na mwili wa kweli wakaufunga upya kwa mfano wa mtumba wa nguo, ukapita kama bidhaa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia na mazito kuyafikiri. Walilipwa ujira wao Unguja, wakaruhusiwa waende zao. Aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza ni Wainwright peke yake, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika kitambaa cha jeneza kanisani Westminster. Kabla ya maziko, daktari wa upasuaji aliuchunguza mkono wa kushoto wa maiti, akauona mfupa uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma ukaunga vibaya, na hapo ndipo London ilipoamini bila shaka kwamba aliyeletwa ni Livingstone. Susi na Chuma walifika baada ya maziko. Walikaa na Horace Waller, aliyekuwa akizipanga karatasi za marehemu ili zipigwe chapa, wakamfafanulia majina ya mito na vijiji, wakamsimulia siku za mwisho. Na kile kitabu kiitwacho Shajara za Mwisho za Livingstone, kilichotoka mwaka huo huo, kwa sehemu ile ya kufa kwake na safari ya mwili wake, ni maneno ya Susi na Chuma yaliyotiwa katika Kiingereza cha Waller.

Sasa na tupime. Umashuhuri wa Livingstone kama dunia ilivyoujua, yaani mtakatifu aliyekufa akisali katika nchi ya mbali akazikwa pamoja na wafalme, haukuwako Mei 1873. Ulijengwa na uamuzi uliofanywa na watu wapatao sitini katika kijiji cha Ilala. Misheni ya Livingstonia ya mwaka 1875 na ile ya Blantyre ya mwaka 1876, zote mbili katika nchi ya Nyasa, zilisimamishwa kwa jina lake na kwa hamasa ya maziko yale, nazo zikaleta shule na hospitali, na kwa upande mwingine zikafungua mlango ambao utawala wa kigeni uliupitia baadaye. Mema na mabaya ya jambo hilo si haja yangu leo. Haja yangu ni kuonyesha kwamba mti wa mpundu ungaliweza kuwa mwisho wa yote, na madaftari yake yangaliliwa na mchwa, laiti Susi na Chuma wangalifanya lile ambalo kila mtu angaliliona kuwa ni haki yao kulifanya.

Tena kuna jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa sahihi na Sultani, Sayyid Barghash, tarehe 5 Juni 1873, na siku hiyo Livingstone alikuwa amekwisha kufa zaidi ya mwezi mzima, wala hapana mtu Unguja aliyekuwa na habari. Ni kweli kwamba barua zake, hususan ile iliyosimulia mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe mwaka 1871, ziliwatia Waingereza uchungu mkubwa. Lakini barua zile zilitoka bara kwa mabega ya wapagazi wa Stanley, aliyekwenda kumtafuta Livingstone, na Sultani hakuukubali mkataba kwa kusomewa barua, aliukubali kwa kutishwa na manowari. Ukitaka kulitaja jina moja la mtu aliyelifunga soko lile, itakupasa uwaache nje watu wengi mno.

Njia yenyewe aliyoipita Livingstone, na wasafiri Burton na Speke kabla yake, haikufunguliwa na yeyote katika hao. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na pembe zao kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa Tanganyika. Wao ndio waliojua visima viko wapi wakati wa kiangazi, hongo ya kila mtemi ni doti ngapi, nchi gani hutaka kaniki na ipi hutaka merikani au ushanga; wao ndio walioweka kanuni za safari, kirangozi akitangulia na bendera, na mpagazi akichukua mzigo wa frasila mbili pamoja na chungu chake na mkeka wake, mara nyingine na mkewe nyuma akimchukulia posho. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa Bara Hindi akarudi huru, aliongozana na Burton na Speke mwaka 1857, akaenda na Speke na Grant mpaka Mto Nile, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka pwani ya magharibi. Katika mabwana wale ni wachache mno walioiona Afrika kwa upana kama alivyoiona yeye. Wao walirudi wakaandika vitabu, yeye hakuandika. Na tofauti hiyo ndogo ya kalamu ndiyo iliyomfanya mmoja aitwe mvumbuzi na mwingine mtumishi.

Kalamu, basi, ina dhima kubwa katika ugomvi huu, na wazee wetu wa pwani nao hawakuepukana na upendeleo wake. Habari za kale za Kilwa hutupa silsila ya masultani, nani alitawala baada ya nani. Lakini aliyezamia matumbawe, aliyeyachonga yangali mabichi, aliyechoma chokaa na kulipandisha jengo la Husuni Kubwa, hana hata nusu ya mstari. Kwa hiyo namshukuru sana Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, hakikujali sana nani alikuwa liwali wa wapi, kikaeleza mtoto hulelewaje, arusi hufanywaje, deni hudaiwaje, safari ya bara hufungwaje. Namshukuru vile vile Shaaban Robert, aliyeona kwamba maisha ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza, yanastahili kuandikiwa wasifu.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nawatawaza watu wa kawaida kuwa malaika. Iwapo twasema kwamba wao ndio waliofanya historia, basi hatuna budi kuwapa na sehemu yao ya lawama, na hapa ndipo watetezi wengi wa umma wanapougeuza uso. Soko la Unguja halikuendeshwa na Sultani peke yake. Lilikuwa na manahodha na makarani wa forodha, na wenye mashamba madogo ya karafuu, na bibi wa nyumba ya kawaida aliyenunua kijakazi mmoja wa kuteka maji na kulala bila wasiwasi. Pembe zilizochukuliwa na misafara ya mfanya biashara Tippu Tip ziliishia, nyingi katika hizo, katika viwanda vya Connecticut huko Marekani zikawa vitufe vya piano, na binti wa watu aliyejifunza kuipiga piano ile sebuleni mwao hakumdhuru mtu kwa kujua. Nyuzi za jambo lile hata hivyo zilianzia vidoleni mwake zikafika Manyema. Dhuluma kubwa haihitaji watu wengi wabaya. Huhitaji watu wengi wenye haja ndogo ndogo wasiouliza. Mwenye kumlaumu Sultani peke yake ameifuata rai ya Carlyle bila kujua, kwa kudhani kwamba hata uovu ni kazi ya watu wakubwa.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitawala Tanganyika waliiamini rai hiyo, na iliwagharimu. Mnamo Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waliing'oa mipamba ya shamba walilolazimishwa kulilima, na jambo lile la mikono mitupu likawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Serikali ikamtafuta mwenye vita, ikamwona katika Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyekuwa akitoa maji ya dawa, ikamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa havijatimiza mwezi. Kama mtu mashuhuri ndiye roho ya mambo, mambo yangalikwisha siku ile. Lakini moto uliendelea. Liwale, Mahenge, Ungoni, nchi baada ya nchi ziliingia vitani baada ya mwenyewe kuzikwa, na mapigano hayakukoma mpaka 1907, baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala na njaa kuwaua watu ambao wanahistoria wengine huwakisia kufika laki mbili na zaidi. Waliokuwa wakipigana hawakupigania Kinjekitile. Walikuwa na kodi ya nyumba, na viboko vya maakida, na pamba isiyolika.

Pamoja na hayo, insafu yanitaka niseme kwamba yule mganga hakuwa bure. Wamatumbi na Wangindo, Wambunga na Wangoni, ambao wengine kati yao walikuwa mahasimu wa siku nyingi, wangaliwezaje kuinuka pamoja bila neno moja lililokubaliwa na wote? Kinjekitile aliwapa neno hilo. Dhiki aliikuta, silaha alizikuta, ushujaa aliukuta. Alichokileta yeye ni ruhusa ya kuaminiana, na ruhusa hiyo ilipokwisha kutoka kinywani mwake haikuwa mali yake tena, wala kamba ya Mohoro haikuweza kuinyonga. Mengi tunayoyajua ya vita vile kutoka upande wetu twayajua kwa kuwa mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini wakakaa na wazee, wakaandika waliyoyakumbuka. Kama wangalichelewa miaka kumi, wengi wa wazee wale wangalikuwa wamekwenda na habari zao, nasi tungalibaki na taarifa za maafisa wa Kidachi.

Nami kwa mafunzo hayo huitazama safari ya uhuru wa Tanganyika, ambayo aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza tarehe 7 Julai 1954, siku kilipozaliwa chama cha TANU, na kana kwamba ilitembea kwa miguu ya Mwalimu Julius Nyerere peke yake. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli mpaka bara. Mwaka 1951 Wameru waliondoshwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, nyumba zao zikatiwa moto, nao badala ya kunyamaza walichangishana fedha wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, mpaka New York mwaka uliofuata, akayasema mambo yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwalimu alipokwenda kusema huko huko Machi 1955, alikwenda katika njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wa Meru.

Na chama chenyewe kilijaaje watu? Wanaume wenye kazi za serikali waliogopa kufukuzwa, wala hawakuwa na kosa kwa kuogopa. Basi kazi ikamwangukia Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliyejua kwamba mjini Dar es Salaam hakuna jumuiya zilizopangika kama vikundi vya lelemama, vyenye viongozi wao, michango yao na adabu zao. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma mmoja mmoja. Wauza maandazi, wapika pombe na mama wa nyumbani wakanunua kadi, wengine wakazificha na waume zao wasijue, na katika miezi michache ya mwaka 1955 wakahesabika kwa maelfu. Wakoloni waliokuwa wakiwapeleleza wasomi hawakuona hatari yoyote katika ngoma. Bibi Titi mwenyewe alipata jina kubwa, kisha akafungwa kwa hatia ya uhaini, jina likanyamaziwa miaka mingi, na leo ni jina la barabara katikati ya jiji. Wale waliomfuata majumbani hawakupata la kunyamaziwa wala la kukumbukwa.

Lakini nitakuwa mwongo nikimwondoa Mwalimu katika hesabu, maana uko wakati ambao mtu mmoja alilitia jambo zima mizanini, nao ni mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Serikali ilikuwa imeandaa uchaguzi wenye sharti la kuudhi: kila mpiga kura apige kura tatu, amchague Mwafrika, Mzungu na Mhindi, hata akiwa hamtaki mmojawapo, na haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya kisomo, kipato au cheo. Wajumbe wengi walifika Tabora na nia moja, kuususia. Nyerere aliwaeleza kwamba tope limewazuia, na asiyetaka kuchafuka miguu hatafika ng'ambo. TANU isiposhiriki, viti vitakaliwa na wengine, na hao ndio watakaosema kwa jina la nchi. Akawageuza. Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake, Kongresi. Sidhani kwamba mtu mwingine ye yote aliyekuwapo siku ile angaliweza kuupata ule uamuzi, na kama wangalisusia, uhuru wa Desemba 1961 yamkini ungalikuja kwa njia nyingine na kwa bei nyingine.

Basi hotuba ikaisha, na wajumbe wakapanda garimoshi na malori kurudi makwao, kila mmoja na mzigo ambao Mwalimu hakuweza kumchukulia: kusimama mbele ya wanachama wa tawi lake, waliomtuma aende kukataa, awaeleze kwa nini amekubali. Huko hapakuwa na mwandishi wa gazeti. Palikuwa na maswali ya hasira, na watu waliodhani wameuzwa, na mjumbe asiye na ufasaha wa Mwalimu akitafuta maneno yake mwenyewe. Wapiga kura waliandikishwa, wakaelezwa kura tatu hupigwaje na Mzungu gani na Mhindi gani wa kuungwa mkono, na ulipofanyika uchaguzi, awamu moja Septemba 1958 na nyingine Februari 1959, wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walivitwaa karibu viti vyote.